Rimoti ya Mzaramo

Mashine ya VCD ilikuwa yake. Aliinunua kama sampuli, akaionyeshe kwa wateja wake wa Kariakoo kabla ya kuagiza nyingi, lakini sampuli ile haikuwahi kukaa ndani ya boksi. Siku hiyohiyo aliichomeka kwenye televisheni ya chumba chake, ghorofa ya tatu ya nyumba ya wageni karibu na Barabara ya Huanshi, Guangzhou, China, akatoka kwenye korido amejitanda kanga, akapaza sauti: "Mnyamwezi! Njoo unitafsirie hawa watu wanasema nini. Si unajidai umefika sekondari?"

Ndivyo alivyoniita siku zote. Yeye Mzaramo wa Kisarawe, mimi Mnyamwezi wa Tabora. Watani tangu babu zangu walipokuwa wakishusha mizigo ya misafara Pwani na babu zake wakiwauzia chakula. Kwa hiyo tangu tulipojuana hatukuwahi kusalimiana kistaarabu. Nikimkuta kwenye ngazi anasema, "Mpagazi, bado hujafa?" Nami namjibu, "Nasubiri utangulie, bibi wa ngoma, nirithi." Watu wa mataifa mengine walidhani tuna kesi.

Nilikuwa nimefika Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini nikitokea Bangkok, na kabla ya Bangkok Dubai, na kabla ya Dubai mahali kwingine ambako sikukaa hata nikajua mkate mzuri unauzwa wapi. Waafrika tulikuwa wachache mjini. Ukimwona mwenzio ng'ambo ya barabara unavuka kumsalimia hata kama humjui. Pale tulipopanga, Watanzania tulikuwa watatu: mimi, yeye, na Mchaga mmoja mpole aliyenunua redio na pasi za umeme za kupeleka Moshi na Arusha. Mchaga alimwita Bi Mkubwa, kwa umri wake na kwa sauti yake, na wahudumu Wachina nao wakaiga, wakilitamka jina hilo kwa namna yao.

Jioni zetu zilifanana. Tunarudi kutoka Zhanxi, kule kwenye maduka ya nguo na viatu ya jumla, na yale mabegi makubwa ya nailoni, shangazi kaja, mabegani. Tunaoga, yeye anaswali magharibi, halafu tunakutana chumbani kwake kufunga mizigo, mlango ukiwa wazi kwa heshima yake. Mchaga anakalia robota la jinzi ili hewa itoke, mimi nakaza kamba, Bi Mkubwa anakata solotepu kwa meno. Na mbele yetu televisheni inaonyesha vita.

Kilikuwa kipindi cha kuchekesha kuhusu hospitali ya jeshi, kule Korea. Madaktari wanaishi kwenye mahema, helikopta zinawaletea majeruhi, nao wanapasua na kushona huku midomo yao haipumziki. Baadaye niliambiwa kwamba kipindi kile kilidumu miaka mingi kuliko vita vyenyewe. Sidii zake tulizipata kwa muuzaji mmoja aliyetandika bidhaa zake chini, Barabara ya Zhanqian, na hazikuwa na mpangilio wowote. Mtu anaagwa leo kwa machozi, kesho yumo hemani anakunywa chai.

"Huyu si aliondoka?" Bi Mkubwa anauliza.

"Alisahau mwavuli," nasema.

"Haya, endelea na uongo wako."

Kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwatolea sauti. Niliwahi kukaa Manzese, na kule mabanda ya video yalikuwa na jamaa wa kutafsiri filamu kwa mdomo, anayempa kila mtu sauti yake na maneno ambayo hajawahi kuyasema maishani. Nilikuwa nawahusudu sana. Kiingereza changu cha kidato cha nne kilishika nusu ya mazungumzo. Nusu nyingine niliijaza mwenyewe, na hakuna aliyelalamika.

Ila jioni ya kwanza kidogo tukizime. Kwenye sehemu ya upasuaji madaktari walikuwa wamemzunguka kijana aliyepasuliwa tumbo, damu hadi kwenye viwiko, nao wanataniana.

"Astaghfirullah," Bi Mkubwa alisema. "Mtoto wa watu utumbo uko nje, wao wanachekeshana? Zima."

"Ni vichekesho, Bi Mkubwa," Mchaga alisema.

"Kichekesho gani kina damu? Zima, nimesema."

"Usizime," nikasema. "Hawa ni watani."

Akanigeukia, solotepu mdomoni.

"Yule mrefu ni Mnyamwezi, yule mwenzake ni Mzaramo," niliendelea. "Hukuwaona watani msibani? Watu wanalia, mtani anaingia kaburini anajilaza, anasema pananitosha, mleteni mwingine. Ulitaka hawa walie? Wakilia, nani atashona?"

Akatazama tena. "Mzaramo ni yupi?"

"Yule mwenye kelele."

"Na anayeshona vizuri?"

"Mnyamwezi."

"Mwongo mkubwa we! Rudisha nyuma nimwone."

Tangu hapo hatukukosa hata jioni moja. Niliwapa madaktari wale lugha yetu. "Shika mkasi, wewe, hapa si kwenu kwenye ngoma ya mwali!" Na mwenzake: "Na wewe uutue huo utumbo taratibu, si meno ya tembo hayo!" Bi Mkubwa alicheka hadi anafuta macho kwa ncha ya kanga. Ni yeye pia aliyegundua jambo ambalo mimi sikuliona. Kipindi kile kilikuwa na kicheko cha watu wasioonekana, kinapasuka kila baada ya mzaha. Siku moja aliacha kukata solotepu akasema, "Sikilizeni. Wakiingia kupasua, wale wa nje hawacheki. Wanaotania ni wa ndani peke yao." Tukasikiliza. Ilikuwa kweli.

Dada wa mapokezi alianza kuja pia. Alikuwa msichana wa chuo, anajua Kiingereza kutuzidi, na kazi yake ilikuwa kutuletea chupa za maji ya moto. Akawa anasimama mlangoni na chupa mkononi, anasoma maandishi ya Kichina yaliyopita chini ya picha, anacheka kabla yetu. Jioni moja hakucheka. Bi Mkubwa akaniambia nimuulize ana nini. Alisema babu yake alipigana vita vile, upande wa pili.

Sote tukaangalia sakafu. Kwenye picha helikopta ilikuwa inashuka.

"Muulize, alirudi?" Bi Mkubwa alisema.

Alirudi. Sikio moja halisikii, lakini alirudi.

"Alhamdulillah. Mwambie asisimame mlangoni kama polisi. Aje akae hapa." Akapigapiga robota la jinzi, na dada wa watu akaja kukaa.

Sasa, maji yale ya moto Bi Mkubwa hakuwa anayanywa tu. Mara nyingi nilimwona ameibana chupa ubavuni upande wa kulia, chini ya kanga. Nikimuuliza anasema gesi, au mafuta ya zile tambi za mgahawa wa Waislamu wa kule chini, au uso wangu. Nilikubali majibu yake kwa sababu yalichekesha.

Asubuhi moja tulikuwa Zhanxi, kwenye duka ambalo alikuwa akinunua jinzi za watoto. Yeye na laoban, yaani bosi mwenye duka, walikuwa wanapokezana kikokotoo kama kawaida yao: huyu anaandika bei, yule anafuta kwa dharau anaandika yake. Kikokotoo kikafika kwake, naye hakuandika kitu. Akanyamaza. Laoban ndiye aliyeshtuka kwanza, maana hajawahi kumwona amenyamaza. Bi Mkubwa akaegemea rundo la nguo, akateleza taratibu hadi chini, jasho likimtoka, mkono ubavuni. Laoban mwenyewe ndiye aliyemwita kijana wa mkokoteni, tukampakia juu ya maboksi, tukamtoa kwenye msongamano ule huku watu wakitupisha.

Hospitali walimpima, wakamweka dripu, wakampiga picha ya tumbo. Nilimpigia simu dada wa mapokezi, akaja na Mchaga kwa teksi. Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, uso kama ukuta uliopakwa chokaa. Alizungumza na dada yule kwa sentensi fupi, naye akatuelezea kwa Kiingereza, nami nikamwambia Bi Mkubwa kwa Kiswahili: mfuko wa nyongo una mawe na umeoza, unakaribia kupasuka. Apasuliwe leo. Akipanda ndege hivi alivyo, huenda asifike.

"Sipasuliwi," alisema Bi Mkubwa.

"Bi Mkubwa," Mchaga alisema, "mtaalamu amesema—"

"Nimemsikia. Nitafutieni tiketi. Nikafie kwetu."

Mchaga alieleza mambo yote ya maana. Alisema hospitali hii ni kubwa, vyombo ni vya kisasa, Wachina wanapasua watu elfu kila siku. Alimkumbusha watoto wake waliokuwa Dar, mdogo bado shule. Kadiri alivyoeleza, ndivyo Bi Mkubwa alivyozidi kugeukia dirisha. Daktari akarudi, akamtazama, akasoma karatasi, akaondoka bila neno. Manesi nao walikuwa wamevaa barakoa, wakipita kimya.

"Unaona?" Bi Mkubwa alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha moto. "Umemwona huyo? Hacheki. Hasemi kitu. Daktari aliyenuna ni daktari mwenye hofu. Wale wa kwetu kwenye TV, wanapasua huku wanatukanana, kwa sababu wanajua wanachofanya. Humo ndani nitalala mimi, uchi kama samaki, nani ataniambia neno? Mchina ana utani gani na Mzaramo?"

Mpaka leo sijui ni kiasi gani alikuwa anatania. Nadhani na yeye hakujua. Lakini nilielewa jambo moja: picha yote aliyokuwa nayo ya chumba cha upasuaji, tangu mlango hadi mkasi, nilimchorea mimi, jioni baada ya jioni, kwa sauti za kubuni. Hakuwahi kuingia kingine. Na katika chumba kile nilichomchorea, kimya maana yake mtu amekufa.

Ningeweza kumwambia kwamba nilikuwa natunga. Alijua kwamba natunga. Isingesaidia kitu.

Basi nikafanya kile ambacho mtani wa kweli angefanya. Pembeni palikuwa na kitanda cha magurudumu, wamekileta tayari kwa ajili yake, kimetandikwa shuka la kijani. Nikavua viatu, nikapanda, nikajilaza chali, mikono kifuani.

"Aah," nikasema. "Kitanda kizuri. Kwa kuwa Mzaramo hakitaki, nipelekeni mimi."

"We!" Mchaga alisema. "Shuka hapo, watatufukuza!"

"Nishuke niende wapi? Nina kazi nyingi. Bibi huyu akifa kwenye ndege, mashine ya VCD ni yangu. Jinzi za watoto nitamgawia Mchaga. Kanga nitampa dada huyu apigie deki pale mapokezi. Na Kisarawe nitakwenda mwenyewe kutoa taarifa. Nitawaambia, ndugu zangu, mtu wenu kaogopa kisu kidogo cha kumenyea chungwa. Msilie. Pigeni ngoma, si ndiyo kazi yenu? Uzeni bati la nyumba mpige ngoma!"

Nesi mmoja alikuja mbio, akawa ananivuta mguu huku akisema maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani. Nilishika vyuma vya kitanda. Watu wa vitanda vingine waliinuka kuangalia.

Kisha nikasikia sauti kutoka kitandani kwake, upande wa dirisha. Kwanza ilikuwa kama kikohozi. "Toka," ilisema. "Toka kwenye kitanda changu, mpagazi mkubwa, unanichafulia shuka. Babu zako walitembea miezi mitatu kuja kula mihogo yetu, na wewe umevuka bahari kuja kulalia kitanda changu? VCD yangu utaisikia kwenye redio!" Alicheka, kicheko kikamuuma, akajikunja, akalia kidogo, akacheka tena.

Daktari alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikumwona alipoingia. Aliuliza kitu, na dada wa mapokezi, masikini, akawa anahangaika kutueleza sisi ni nini.

"Anauliza kama wewe ni ndugu yake," aliniambia.

"Hapana."

"Rafiki?"

"Hapana. Rafiki hawezi kuniambia nife." Nikajaribu kwa Kiingereza changu: kwamba kwetu kuna watu ambao wamepewa ruhusa ya kukutukana, tena hasa siku mbaya, na mgonjwa huyu anaogopa kuingia mahali pasipo na mtu wa namna hiyo. Dada alisikiliza kwa makini, halafu akamweleza daktari kwa maneno mengi kuliko yangu. Nadhani alimweleza na habari ya mahema na helikopta, maana alionyesha kwa mkono kitu kinachozunguka.

Uso wa daktari haukubadilika hata chembe. Alinitazama nilivyolala, akatazama soksi zangu, ambazo moja ilikuwa imetoboka. Akasema sentensi moja na kukunja mikono.

Dada aliziba mdomo. "Anasema, kama unakitaka sana hicho kitanda, atakupasua wewe kwanza, ajifunzie, halafu ndiyo amfanye mama vizuri."

Nikamtafsiria Bi Mkubwa neno kwa neno. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu ya ukalimani ambapo sikuongeza kitu.

Alimtazama daktari kwa muda. Daktari naye akamtazama, bado kanuna.

"Ehee," Bi Mkubwa alisema. "Kumbe anajua." Halafu: "Leteni hiyo karatasi niweke saini. Na huyu mpagazi anisukume mwenyewe, ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Na asinyamaze."

Nilimsukuma. Korido ilikuwa ndefu, na mchana ule jua liliingia kupitia madirisha ya juu. Nilimtukana njia nzima. Nilitukana ngoma za Kisarawe, nikatukana upishi wake, nikatukana ukoo kuanzia mababu. Naye, amefumba macho, alinijibu kila neno, sauti ikizidi kushuka. Mchaga alitembea nyuma yetu amebeba mkoba wake, midomo ikicheza, nadhani alikuwa anasali. Tukafika kwenye milango miwili. Nesi akanitoa mikono kwenye kitanda. Bi Mkubwa alifumbua jicho moja.

"Michembe yako," alisema, kwa maana ya vile viazi vikavu tunavyokula kwetu, na milango ikafungwa.

Nilikaa kwenye benchi. Nilikuwa na matusi mengine mazuri sana tayari, lakini hayakutoka. Sisi watatu tulikuwa wale wa nje, ambao wakianza kupasua hawacheki. Dada wa mapokezi alikuwa amekaa katikati yetu, na baada ya muda nikaona ameshika pindo la shati langu kwa vidole viwili bila kujua.

Daktari alitoka jioni jua likiwa bado halijazama. Alishusha barakoa. Alimwambia dada kwamba imekwenda salama, kisha akanyoosha kidole kwangu, kwenye miguu yangu, akasema jambo jingine, akaondoka.

"Amesema nini?"

"Amesema ununue soksi."

Bi Mkubwa alipozinduka kutoka kwenye nusukaputi tuliruhusiwa kuingia kwa zamu. Midomo ilikuwa imekauka, uso umepauka. Nilimwinamia. Nilitaka kumwambia jambo la kistaarabu, mara hii moja.

"Mashine yangu iko wapi?" alinong'ona.

"Nimeiuza."

"Nilijua." Akalala tena.

Alikaa hospitali siku kadhaa, na kila siku nilikwenda kumsimulia kipindi bila picha, maana mle wodini hapakuwa na televisheni. Niliwasimulia madaktari wale wa mahemani mpaka vita vikaisha, nikawafungasha, nikawapandisha ndege mmoja mmoja. Mwisho wake halisi sikuwahi kuuona. Muuzaji wa Zhanqian kila nilipomuuliza alitikisa kichwa: meiyou, hakuna. Bi Mkubwa alisikiliza amefumba macho, akauliza tu kama Mzaramo naye alifika kwao. Nikamwambia alifika, na alipigiwa ngoma.

Wiki chache baadaye alikuwa na nguvu za kusafiri. Mimi na Mchaga tulimbebea mizigo hadi kwenye gari la uwanja wa ndege. Hakuniaga vizuri. Alisema nioe, nikamwambia nimemsubiri yeye, akanipiga na mkoba, akaingia garini.

Nilipopanda chumbani nikakuta kitu juu ya mto wangu, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti kwa solotepu iliyokatwa kwa meno. Mashine aliondoka nayo. Alikuwa ameniachia rimoti.

Alinipigia kutoka Dar baada ya kufika. Simu ilikuwa na mwangwi, nyuma yake nikisikia watoto na, naapa, zile helikopta.

"Umeupata urithi wako?" aliuliza.

"Nimeupata. Nifanye nao nini?"

"Kaa nao. Huku kila nikitaka kubadilisha lazima niinuke mwenyewe. Na nikiinuka, mshono unavuta, na mshono ukivuta nakutukana. Kwa hiyo unapata stahili yako kila siku, usiseme nimekudhulumu."

Nimehama miji mingi tangu wakati ule. Kila ninapofungasha natupa vitu, maana nimezoea kusafiri na begi moja. Rimoti ile imepita kwenye mikono ya watu wa forodha wa nchi kadhaa, wakaigeuza, wakanitazama, wakanirudishia. Betri nilizitoa zamani zisije zikavuja.